Shali Nyeusi ya Banda la Nne

Askale aligonga mlango wa banda la nne mara tatu, akangoja, akaguna wimbo wake mdogo usio na maneno. Ndivyo alivyofanya kila alfajiri. Ndani kuku walimwitikia kwa sauti ile ya chini ya kuku asiye na wasiwasi. Akasukuma mlango, akaingia na ndoo ya chakula.

Banda zima likalipuka.

Kuku elfu tatu waliruka kwa pamoja. Vumbi la maranda likapanda, vyombo vya maji vikapinduka, na wote wakakimbilia kona ya mbali wakapandana. Askale alitupa ndoo akawafuata. Aliwavuta kwa miguu, kwa mabawa, popote mkono uliposhika, akiwarusha nyuma yake, maana alijua walio chini hawana dakika nyingi. Kuku akilaliwa na wenzake hukosa nafasi ya kutanua kifua, basi. Alipoifikia sakafu, thelathini na mmoja walikuwa wamekufa, bado wana joto.

Lomi, mhudumu wa banda la tatu, alikuja mbio na aproni yake ya buluu. Alimtazama mwenzake toka kichwani hadi miguuni.

"Dada yangu, ni nguo," alisema. "Hawajakutambua."

Askale akajitazama. Gauni jeusi, shali nyeusi. Kuku hawa tangu udogo wao walimjua katika netela nyeupe, ile shuka nyepesi anayojitanda. Siku nne zilizopita alimzika mumewe, Shiferaw. Kazini walimpa ruhusa ya siku tatu. Nyumbani hema la matanga lilikuwa bado limesimama. Mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, na hilo hakuna mtu mjini Bishoftu anayeliuliza. Lakini yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kwamba kuku hapendi rangi mpya wala hatua za ghafla, naye akasahau. Alijichukia. Akamlilia Shiferaw upya palepale, ameshika kuku aliyekufa.

Msimamizi, Ato Dejene, yaani Bwana Dejene, aliwahesabu kwa ncha ya kiatu.

"Thelathini na mmoja! Wiki tatu kabla ya Pasaka, mji mzima unasubiri kufungua mfungo kwa mayai! Mama, umeniua."

"Nisamehe, Ato Dejene. Ningekuwa na koti la kazi ningelivaa juu. Tumeomba makoti tangu sikukuu ya Msalaba, miezi sita sasa."

"Makoti tutayaongea mfungo ukiisha. We vaa netela yako nyeupe, yaishe."

"Nyeupe? Udongo wa mume wangu haujakauka! Nipite hivyo mbele ya mama yake?"

"Kuku hawamjui mumeo."

"Mwaka jana walikuwa elfu mbili humu," alisema Askale. "Fundi aliingia na ngazi begani, wakasogea tu. Sasa mmewabana, wanadonoana mpaka migongo iko wazi. Kuku aliyebanwa huogopa hata kivuli."

"Ohoo, umeshakuwa daktari!" Dejene akacheka. "Msiba wa kujitakia hauna kilio, mama. Mpaka jioni niwakute wametulia. La sivyo..."

Hakumaliza, wala hapakuwa na haja. Askale alikuwa na watoto watatu, na tangu juma lile mkono wa kuwalisha ulikuwa mmoja.

Alileta kigoda, akaketi katikati ya banda, mikono mapajani. Akaguna wimbo wake. Asubuhi nzima kuku walibaki kule mbali, shingo juu, wakimkodolea macho. Mgongo ulimuuma, nzi walimtua usoni, hakuinua mkono. Adhuhuri Lomi alimpitishia shayiri ya kukaanga dirishani, akaila punje mojamoja.

Saa tisa kuku mmoja, shingo yake tupu bila manyoya, alisogea akadonoa kifungo cha gauni. Wakamfuata wawili, kisha kumi. Saa kumi walikuwa wanachakura maranda miguuni pake. Askale alifurahi, akaona haya kufurahi.

Dejene alirudi na karatasi. Palipoandikwa sababu ya vifo alikuwa amejaza: mavazi ya mhudumu. Nje, lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mlango.

"Umewazoesha vizuri sana," alisema. "Tia sahihi, kisha kamsaidie dereva. Mia tano wengine wanaingia humu."

Askale alichukua kalamu. Chini ya maneno ya Dejene akaandika: Banda la kuku elfu mbili. Wamo elfu tatu. Leo wanaongezwa mia tano. Akaweka jina lake na la baba yake, kwa herufi kubwa.

Dejene alisoma mara mbili.

"Nenda kaomboleze," alisema. "Sasa muda unao."

Banda la nne likakabidhiwa kwa Lomi. Alifungua mlango kidogo tu, na kuku walipoiona aproni ya buluu wakaanza kupiga kelele. Akaufunga haraka, akamkimbilia Askale getini.

"Niachie shali."

"Lomi! Mumeo yu hai. Utajiletea nuksi."

"Nifanyeje sasa, dada? Wameshaizoea nyeusi."

Nyuma yao Dejene alikuwa anapiga kelele kwamba lori linasubiri. Askale akavua shali, akamfunika mwenzake mabegani.

"Gonga mara tatu," alisema. "Kisha ngoja."

Lomi, ambaye hakuwa amezika mtu, alijitanda nyeusi mpaka kichwani, akarudi bandani. Akagonga mara tatu, akangoja.