Ndama wa Landrova

Jumamosi moja ya mwaka 1977, magari matatu ya kuvuta kwa magurudumu yote manne yalikuwa yamesimama kwenye uwanja wa nyasi kule Nyawera, mjini Bukavu, na Tonton Lucien alikuwa amechuchumaa mbele ya la kwanza akilitazama mdomoni. Muuzaji, kijana aliyevaa abacost, koti la kiserikali lisilo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, alidhani mzee anakagua rejeta, akaanza kumweleza habari zake kwa Kifaransa. Tonton Lucien hakuwa na haja na rejeta. Alikuwa anatafuta meno.

Ukoo wao wote, kutoka Kabare hadi Bagira, ulimtegemea yeye kuchagua ng'ombe wa mahari. Hakuna kijana wa ukoo aliyeoa kabla Tonton Lucien hajamzunguka ng'ombe, kumgonga mbavu, kumpandisha mlima na kumshusha tena. Basi mpwa wake Barthélemy alipostaafu ualimu na kutaka gari, hakuna aliyeuliza nani atalichagua. Gari lilikuwa kitu kikubwa cha kuingia katika ukoo, na lingekunywa kila siku.

Barthélemy alikuwa amefundisha jiografia tangu ujana wake. Milima yote na mito yote ya nchi ilikaa kichwani mwake, ila miguu yake haikuwahi kupita Kavumu, alikokwenda mara moja kumsindikiza shemeji yake kupanda ndege. Majina ya nchi yalipobadilishwa, na mto mkubwa ukaitwa Zaïre, yeye ndiye aliyekwangua ramani ya darasani kwa wembe na kuandika jina jipya. Tangu siku hiyo alitamani kwenda Kisangani kuutazama mto wenyewe, aone kama umepata habari.

Sasa hamu hiyo ilikuwa na haraka. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ukungu ulioingia machoni mwake utazidi kila mwezi, na kwamba vitu vya mbali ndivyo vitakavyotangulia kupotea. Barthélemy aliliogopa jambo hilo kuliko kifo, kwa sababu vitu alivyovipenda vyote vilikuwa mbali. Mkewe Delphine, mshonaji, alikubali kufunga cherehani yake na kuishi barabarani kwa masharti mawili: alale amenyoosha miguu, na sufuria yake ya bugali isisafiri pamoja na madumu ya mafuta.

Gari la kwanza lilikuwa lori dogo la Kijerumani, refu kwenda juu. Tonton Lucien alilisikiliza likinguruma, akatikisa kichwa.

"Hii iko dume," alisema. "Mulima itapanda, lakini haitasikia mutu."

La pili lilikuwa jipu fupi la kijeshi. Delphine alipanda nyuma, akalala chali, miguu yake ikabaki nje juu ya nyasi.

"Mimi nitafika Kisangani," alisema akiwa amelala hivyo. "Miguu yangu itakuya kesho yake."

La tatu lilikuwa Landrova ndefu ya kijani, yenye mabenchi ubavuni na sakafu iliyosuguliwa mpaka ikapauka. Ndani ilinukia dawa ya kuoshea vidonda. Delphine alinyoosha miguu na nafasi ikabaki. Tonton Lucien aligonga mbavu za gari, akaliangalia taa moja baada ya nyingine, akaweka chumvi kidogo juu ya boneti, kisha akaenda zake kunywa kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi. Aliporudi chumvi ilikuwa imekwisha, na boneti ilikuwa na unyevu.

"Hii ndiyo yenyewe," alimwambia Barthélemy. "Iko mupole, na ilishazaa mara mingi."

Ng'ombe aliyezaa huulizwa swali moja kabla ya kamba yake kupokelewa: amezalia kwa nani, na ndama wake wako wapi. Tonton Lucien alikuwa amelitamka swali hilo maisha yake yote bila hata kufikiri. Lakini siku ile muuzaji alikuwa amesimama na abacost yake, akitazama saa na kujibu kila jambo kwa Kifaransa, na mzee aliona haya kumuuliza Citoyen, kama mabwana walivyoitwa siku zile, juu ya ndama. Akanyamaza, akapokea ufunguo. Haya ile ndogo ndiyo iliyoleta yote.

Juma zima Delphine alishona hema la turubai la kufungwa juu ya gari. Barthélemy alikunja ramani, akanunua jiko la mafuta ya taa, akazunguka Bagira akiwaaga watu ambao hawakuwa wameuliza anakwenda wapi. Siku ya kwanza ambayo mizigo ilipakiwa, jua lilipoanza kushuka, Landrova ilijiwasha. Ilirudi nyuma taratibu, ikakwepa ndoo ya maji iliyokuwa uani, ikatoka. Barthélemy aliifuata mpaka kwenye kona akiwa amevaa kandambili, kisha akarudi kuvaa viatu.

Maman Adolphine, jirani aliyekuwa akiuza mandazi kando ya barabara, alikuwa ameiona.

"Imepita," alisema. "Ilishika njia ya Miti. Iko na heshima, ilinipigia honi."

Wakapanda basi dogo kuifuata. Waliikuta kijijini Miti, mbele ya mlango wa zahanati, taa zimewaka na mlango wa nyuma uko wazi. Mkunga wa pale, Maman Colombe, alikuwa anampandisha mwanamke mwenye uchungu, huku akilisogeza hema la Delphine kwa kiwiko.

"Umekawia sana," aliiambia Landrova. Kisha akawageukia Barthélemy na Delphine. "Ni ninyi munakaa nayo sasa? Aksanti. Naona imenenepa."

Njiani kwenda hospitali ya Bukavu aliwaeleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia mvua ya juzi. Landrova ilikuwa zawadi kwa zahanati. Kila mwanamke wa Miti ambaye mtoto alikataa kutoka alipelekwa mjini ndani yake, na kwa kuwa mashimo ya barabara ile huharakisha mambo, wengi walijifungua kabla ya kufika. Halafu akaja mtu aliyeitwa Citoyen Directeur. Alikuwa mkurugenzi wa kitu gani hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Aliazima Landrova siku moja ya sherehe, na siku ile haikuisha mpaka gari likaonekana Nyawera likiuzwa na shemeji yake. Maman Colombe alikwenda ofisini kulalamika. Alijibiwa kwa upole kwamba zahanati ya Miti haijawahi kuwa na gari.

"Na bale bamama, bilikuwa namna gani?" Delphine aliuliza.

"Tulibabeba na kitanda," alisema Maman Colombe. "Babili habakufika."

Delphine alilikunja hema lake, akaliweka chini ya kichwa cha mgonjwa.

Kesho yake Tonton Lucien aliitwa. Alifika Miti na fimbo yake, akatazama upande wa pili wa barabara, ambako watoto walikuwa wanacheza na mpira wa majani ya migomba. Landrova iliwasha taa na kuzima. Watoto wakainua vichwa wote pamoja, wakapunga mikono, wakaendelea kucheza.

"Bale ndio batoto yake," alisema Maman Colombe.

Tonton Lucien alivua kofia. "Nilisahau kuuliza," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Katika maisha yake hakuwahi kurudishiwa ng'ombe hata mmoja.

Barthélemy angeweza kuifunga Landrova uani, au kuiuza. Aliitazama ramani yake, akamtazama mwanamke mwingine aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za zahanati akishika tumbo, akasema kwamba wataifuata kwa muda mfupi tu, mpaka itakapozoea. Wakapiga kambi nyuma ya zahanati, chini ya mikaratusi. Maisha ya barabarani yakaanza hivyo. Walilala kwenye hema, walipika nje, waliamka na umande, walijua kila shimo na kila daraja, na njia yao ilikuwa ileile kila siku, Miti kwenda Bukavu na Bukavu kurudi Miti. Delphine alilala amenyoosha miguu kama alivyoahidiwa, na hilo alilikumbusha kila mtu aliyemuonea huruma.

Kwa kuwa Landrova ilijua njia, Barthélemy hakuwa na kazi kwenye usukani. Aligeukia nyuma na kuwafundisha wagonjwa jiografia. Aliwaelezea mto Lualaba, jinsi unavyotoka kusini, unavyopita Kindu, unavyojaa, unavyofika Kisangani na kubadilishwa jina kuwa Zaïre. Wanawake waliuma meno na kumsikiliza, maana hakukuwa na pa kukimbilia. Miaka ile majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa hadharani, na mama aliyetoka tu kujifungua hana nguvu ya kutafuta jina la mbali na lililo masikioni. Wa kwanza aliitwa Lualaba. Wakafuata pacha, Elila na Ulindi. Kabla ya msimu wa kiangazi, mito ya upande wetu wa nchi ilikuwa imeanza kutambaa pale Miti.

Vitu vya mbali navyo vikawa vinaondoka. Kwanza Barthélemy alipoteza vilele vya mlima Kahuzi, halafu kisiwa cha Idjwi, ambacho zamani alikiona vizuri akiwa barabarani. Hakulalamika. Aliuliza tu, kila jioni, kama kimebaki palepale, na Delphine akamjibu kwamba kipo.

Mwaka uliofuata zahanati iliahidiwa gari jipya. Lilikuja jipu jeupe lenye utepe, pamoja na ngoma, wanafunzi wa kuimba, na Citoyen Directeur mwenyewe, ambaye alihutubia juu ya afya ya mama na mtoto mpaka wanafunzi wawili wakaanguka kwa jua. Juma lile lile mtoto wa kiume alizaliwa ndani ya jipu jeupe, akaitwa Lowa. Jioni ile Landrova ilikaa tu chini ya mikaratusi, injini imezima, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Sasa itaenda," alisema Tonton Lucien. "Batoto biko na mama mwingine."

Waliondoka alfajiri. Barabara ya Kisangani inaanzia hapohapo Miti, inakata kushoto, inapanda msituni. Landrova iliishika bila kubembelezwa. Walipita Bunyakiri mchana, wakalala Hombo, na Delphine alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki kando ya mto mdogo ambao Barthélemy alijua jina lake, urefu wake na unakomwagikia. Alikuwa na furaha ya kitoto. Aliuliza mara nyingi kama macho ya mtu yanaweza kungoja siku chache zaidi yakiombwa vizuri, na mkewe alimwambia ayaombe.

Kesho yake mchana, katikati ya msitu, Landrova ilisimama. Taa zake ziliwaka. Ilibaki hivyo kidogo, ikisikiliza, kisha ikageuka katika barabara nyembamba, ikienda mbele na nyuma kwa uangalifu ili isiwatingishe, ikaanza kurudi ilikotoka. Barthélemy aligeuka kwenye kiti akatazama magharibi. Hakuona kitu ila kijani, lakini alitazama mpaka shingo ikamuuma.

Walipofika Miti, Maman Colombe alikuwa mlangoni.

"Jana, midi, Directeur alikuya kubeba jipu," alisema. "Aliniambia ni ya siku moja tu, kuko sherehe."

Delphine alifungua mlango wa nyuma, akatoa sufuria zake, akawapisha wagonjwa. Usiku ule Barthélemy alilia ndani ya hema, naye Delphine hakumwambia anyamaze.

Jipu jeupe linakaa Muhumba, mtaa wa wakubwa mjini, uani kwa Citoyen Directeur. Jioni ya kwanza lilitoka likiburuta geti, wakalirudisha kutoka Bagira. Baada ya hapo alilifunga kwa mnyororo kwenye mparachichi. Alimwita hata Tonton Lucien, kwa kuwa habari zake zilikuwa zimefika mjini, akamuuliza mtu afanye nini na gari lisilotulia.

"Muulize iko na mutoto wapi," alisema Tonton Lucien, safari hii kwa sauti na bila haya yoyote, "halafu murudishe kwa mutoto yake."

Citoyen Directeur alimshukuru, akampa bia, akanunua mnyororo mnene zaidi.

Ramani ipo bado ndani ya Landrova, mama wazazi huilalia. Delphine ndiye hukaa kwenye usukani siku hizi, kwa ajili ya heshima tu, maana polisi wa barabarani hawapendi kuona kiti kitupu. Jioni moja walikuwa wanarudi kutoka hospitali, wamemwacha huko mama yake Lualaba, aliyeshikwa na homa. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mapaja ya Barthélemy. Alimsogeza mpaka pua zao zikakaribia kugusana, kwa sababu umbali ule ndio uliokuwa umembakia.

"Lualaba," alimwambia, "watu wanasema wewe ni mkubwa sana."

Lualaba alimkojolea suruali. Barthélemy aliweka kiganja chake juu ya unyevu ule, akakiacha hapo.

"Sasa nimeufikia mto," alimwambia mkewe.

Walikuwa wanapita Muhumba. Mbele ya ukuta wa Citoyen Directeur Landrova ilipunguza mwendo, kama inavyofanya kila jioni, ikapiga honi mara moja. Ndani ya ukuta honi nyingine ilijibu, na mnyororo ukasikika ukivutwa. Mlinzi aliyekaa kwenye kigoda mbele ya geti aliwasalimu, nao wakamsalimu, wakamuuliza habari za nyumbani kwake. Geti lilikuwa limefungwa. Landrova ilisimama kidogo, kisha ikaondoka, maana kule Miti kulikuwa na mtu kwenye ngazi.