Kidole cha Bujiku

Martina hakuweza kujifungua. Mtoto alikuwa amelala upande tumboni, na saa mbili asubuhi Daktari Donatus akasema lazima apasuliwe.

Mama mkwe wake, Apolonia, alisema katika ukoo wao mwanamke hapasuliwi. Aliyepasuliwa hashiki jembe tena, na majirani humcheka kwamba aliyezaa ni daktari. Donatus hakubishana naye. Mwaka juzi alimpasua mwanamke bila ruhusa ya mume, ndugu wakamfuata wodini na fimbo. Tangu hapo hamgusi mtu mpaka mume aweke dole gumba kwenye fomu.

Mume, Bujiku, alikuwa mita sitini chini ya ardhi, kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu. Wenzake walimkatalia kutoka. Mchimbaji akienda kwenye damu ya uzazi, dhahabu inahama. Kwa hiyo akakituma kidole chenyewe. Kilipanda kwenye ndoo pamoja na mawe, kikafungwa kwenye leso, na saa nane mchana mtu wa bodaboda akakifikisha kituo cha afya.

"Shikamoo, mama. Nimeleta kidole cha Bujiku."

"Marahaba," Apolonia akajibu. "Kimekula?"

Nesi Scolastika alikifuta vumbi, akakiweka mezani karibu na wino. Kidole kiliogopa. Kilisogea hadi kwenye fomu, kikarudi, kikajificha chini ya glovu. Apolonia aliomba kisiharakishwe. Alisema ndivyo kilivyo tangu utotoni.

Martina alikuwa ameogopa kisu tangu asubuhi. Sasa aliogopa tumbo, maana lilikuwa limetulia. Akanyoosha mkono.

"Daktari, changu hiki hapa. Nipakeni wino."

"Chako tunakiona, mama," Donatus akasema, huku akitazama mlango. "Kinachotakiwa ni cha mume."

Saa tisa kidole kilitoka chini ya glovu, kikajichovya, kikagonga mahali pake. Daktari alikagua mistari, akaridhika, akaenda kunawa mikono. Alipofungua tumbo, kizazi kilikuwa kimeshapasuka.

Jioni fomu iliwekwa kwenye faili, na bodaboda akaitwa. Kungoja kuligharimu saa saba, kizazi cha Martina, na uhai wa mtoto wa kike wa kilo tatu na robo. Kidole kilirudi machimboni kizima.