Droo ya D

Shemeji yangu, seremala, ndiye mtu wa kwanza kunielewa nilipoeleza diski ya kompyuta. Wateja wengine hunitazama kama ng'ombe anayetazama redio. Yeye nilimwambia diski ni kabati moja lenye droo mbili, C na D. C ni ya mashine. Siku ikiugua, mimi fundi naimwaga yote, naweka mfumo mpya, wala sikuulizi. D ni yako, siigusi. Chochote unachokipenda, kihamishie D.

"Kabati la droo mbili tu?" akaniuliza. "Na wewe unajiita fundi?"

Ndivyo tulivyoishi tangu alipomwoa dada yangu. Mimi nilimwita Pua-Vumbi, yeye aliniita Daktari wa Mabati, na dada alishachoka kutuamulia.

Kisha koo likamshika. Hospitalini wakasema kisanduku cha sauti lazima kitolewe. Wiki mbili kabla ya kulazwa alijifungia kwenye karakana yake na laptop, akamrekodia binti yake jumbe kumi na moja za sauti, kila mmoja na siku yake huko mbele. Baada ya upasuaji alibaki kuongea kwa penseli, akiandika nyuma ya vipande vya msasa. Kimoja alinipa mimi: *Zote nimezihamishia D kama ulivyosema. Marufuku kusikiliza kabla ya siku yake.* Miezi saba baadaye tulimzika.

Mwaka huu binti yake kapata chuo, aanze Jumatatu. Jumanne ya wiki iliyotangulia dada akaniletea laptop ya marehemu. Ilikuwa haiwaki, inazungusha vidoti weee, haifiki popote. Dada alitaka mtoto aende nayo chuoni, na asubuhi ya Jumatatu, kabla hajatoka mlangoni, asikie ile ya siku ya kwanza. Aliiweka mezani kwangu kama mtu anayemlaza mtoto.

Nikachomeka flashi ya kuwekea mfumo. Nilipochagua C, ikanikatalia: diski hii imegawanywa kwa mpangilio wa zamani, mfumo huu mpya hauwekwi humu. Ni ugonjwa wa kawaida. Kuna njia ndefu ya kuubembeleza mpangilio ugeuke, na kuna njia fupi: unafuta diski nzima, C na D, unagawanya upya. Mimi ni mtu wa njia fupi, mradi vitu vya mteja viwe vimehifadhiwa pembeni kwanza.

Nikafungua D kupitia ile flashi. Zilikuwa zimejipanga, kumi na moja, kila moja na jina lake. Nikazinakili kwenye diski yangu ya nje. Zikapita kufumba na kufumbua, nikajiambia, sauti ni kitu chepesi.

Sasa, nina sheria moja ambayo dunia ilinifundisha kwa kofi: kabla hujafuta, fungua kimoja, uhakikishe. Sijawahi kuiruka kwa mteja yeyote, hata yule mwenye picha za mbuzi tu. Siku ile niliiruka. Marufuku ya marehemu nilijipa kama kisingizio, lakini ukweli ni kwamba nilijua nikibonyeza nitamsikia Pua-Vumbi, na mlangoni kulikuwa na watu watatu wanasubiri chaja. Sikutaka wanione nalia. Nikafuta.

Mfumo ukakaa vizuri, laptop ikawaka kama mpya. Nikarudisha zile kumi na moja kwenye D, na hapo ndipo nilipoona kishale kidogo kwenye pembe ya kila moja. Nikabonyeza ya kwanza. Mashine ikaniambia haikioni kitu kinachotafutwa.

Shemeji hakuwa amehamisha sauti. Alikuwa ametengeneza njia za mkato. Amebandika vibao vya majina kwenye droo ya D, sauti zenyewe zikabaki C, nami nilikuwa nimemwaga zote mbili. Kosa hilo nimewacheka nalo wateja mara ngapi. Yeye sikuwahi kumwonyesha tofauti. Nilikuwa na haraka ya kumtania.

Siku tatu nilihangaika na programu za kufufua. Lakini diski hizi za siku hizi zisizozunguka, ukizifuta zimefutika. Nilipata nusu ya picha ya meza.

Nilimpigia dada. Akasema mwenye kumwambia mtoto ni mimi, yeye hana mdomo huo.

Mpwa wangu akaja Jumamosi mchana. Nikafunga mlango, nikamweka kwenye kiti cha wateja, nikamweleza kila kitu, pamoja na ile sheria na watu watatu wa chaja. Hakulia. Aliuliza kama majina yapo. Nikamwambia yapo, majina tu. Akatoa daftari jipya la chuo.

"Nisomee, mjomba."

Nikasoma, yeye akiandika. Siku ya kwanza chuoni. Siku ukifeli. Siku mama yako akikukasirikia bila sababu. Siku akikukasirikia kwa sababu. Siku ukimpenda mtu. Siku akikuacha. Siku ukipata kazi. Siku ukiitwa mama. Siku ukinisahau kidogo. Siku yoyote tu. Ikabaki ya mwisho.

"Siku mjomba wako akifanya upuuzi."

Aliiandika, akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akainua macho.

"Hii siku yake ndiyo leo," akasema. "Unadhani alisema nini?"

Nilimjua yule mtu miaka kumi na tisa. Matusi yake yote nayajua, na mzaha mmoja ungetosha kumchekesha mtoto. Nilifungua mdomo, haukutoka hata mmoja. Akanisubiri na kalamu mkononi, nafasi ya chini ya ule mstari ikiwa bado tupu, hadi mtu akagonga mlango akiulizia chaja.