Mgongo wa Tonico

Tangu lini mgongo mmoja ukabeba watatu? Tumbili hawa wadogo wa milima ya jimbo la Minas, wanaoenea kiganjani, huzaa pacha, na mbebaji ni baba. Mama huwachukua kwa kunyonyesha tu. Zulmira, aliyewalisha miaka kumi na moja katika kituo cha kuwazalisha ili warudishwe msituni, alikuwa haishi kumsifu dume Tonico.

"Wewe ndiye mume, bwana! Wangu ana watoto watano, hajui uzito wa hata mmoja."

Asubuhi ile akakuta jike Pretinha amezaa watatu. Wawili wameng'ang'ania mgongoni kwa Tonico, wa tatu yuko sakafuni, mwili umepoa. Zulmira akamtia kifuani ndani ya blauzi, akamdondoshea maziwa tone kwa tone. Kufika adhuhuri akafa. Masikini, hata kulia hakulia.

Daktari Evandro, mkuu wa kituo, akampima Pretinha, akakunja uso.

"Kazidi gramu hamsini. Jike akinenepa hivi, mimba hushika watatu. Lakini chakula chenu si kinapimwa?"

Zulmira akageukia vibakuli vya chakula, akaanza kuvipanga.

"Basi dume ndiye mzembe, kamwangusha mtoto. Kesho namtenga. Hawa wawili tutawalea kwa chupa."

"Kwa chupa? Daktari, mtoto wa chupa harudi msituni!"

"Sasa nifanyeje? Niwaachie baba asiyejua kubeba?"

Zulmira akamtazama Tonico. Miguu ilikuwa ikimtetemeka kwa uzito wa wale wawili, na bado hajawatua tangu alfajiri. Mnyama wa watu asingiziwe hivihivi!

"Tonico hana kosa," akasema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Mkate wa jibini. Nampa Pretinha kila jioni, tangu mimba yake ya kwanza ilipoharibika. Alikonda, daktari, roho ikaniuma."

"Dona Zulmira! Na kwenye daftari la chakula unaandika nini?"

"Naandika ulivyoagiza."

Evandro akashusha pumzi, akanyoosha mkono. Zulmira akauvua ufunguo wa vizimba shingoni, akampa. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

"Tonico anabaki na wanawe?"

"Anabaki. Wewe ndiye unayetoka."

Zulmira akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua koti lake.