Mchuzi wa Wakwe

Wewe ungemrudisha binti yako nyumbani, kama kumrudisha kungekupotezea kura zote za ng'ambo ya mto?

Kaka yangu Digambar alikuwa mbunge wetu huku Bihar, India, vipindi saba. Kila asubuhi baraza lilijaa watu: huyu kaporwa shamba, yule mwanawe yuko mahabusu. Aliwasikiliza wote, na wifi yangu Tarini akawapikia chai ya tangawizi. Asiyesikilizwa alikuwa Tarini mwenyewe. Binti yao Nilima aliolewa na mwana wa mzee Kapileshwar, mwenye kura za huko ng'ambo ya mto, na mumewe alikuwa akimpiga. Kila Tarini alipoomba arudishwe, kaka alimwambia uchaguzi upite kwanza. Ukapita, ukaja mwingine.

Siku tuliyosikia Nilima kavunjwa mkono, kaka aliapa kwenda kumchukua. Tarini akatandika kitanda, akatoa shuka lenye maua, akaloweka mchele. Jioni kaka akarudi peke yake. Wifi akaitazama kanzu nyeupe ya kaka. Kifuani palikuwa na doa la manjano la mchuzi wa samaki.

Kwetu mzazi hanywi hata maji alikoolewa binti yake. Kaka alikula, tena mbele ya wazee na wapiga picha, na aliyekula hivyo hana tena mdomo wa kulaumu.

"Walinishika mkono, Mama Nilima. Ningefanyaje?"

"Umeshiba lakini?" akamwuliza, akaenda kuumwaga ule mchele.

Mwaka jana chama kikampitisha mtu mwingine, kijana wa mjini. Baraza likabaki na wapambe wawili na mbwa. Kaka akasema atagombea bila chama, akawatuma wale wawili kwa Kapileshwar wakaombe kura. Mmoja akatania kwamba ataenda na njaa, maana utamu wa samaki wa kule mheshimiwa anaujua. Kaka akacheka naye.

Tarini alikuwa mlangoni na birika. Mwanamke wa nyumba yetu hasemi mbele ya wapambe. Akaliweka birika chini.

"Baba Nilima, kura yangu sijakunyima hata mara moja. Sikukuomba barabara, wala kazi ya ndugu yangu. Namtaka mwanangu. Namtaka leo, uchaguzi wako upite usipite."