Uso wa Kresensia

Edith binti Zenon alimchora mama yake mara arobaini na moja, ilhali hakumkumbuka hata ukucha. Msimcheke. Wengi wetu tumekula mezani na mama zetu miaka ishirini, na tukiulizwa kovu lao liko shavu gani tunababaika. Edith alikuwa na udhuru. Kresensia alifariki mtoto akiwa bado ananyonya.

Picha ya Kresensia ilikuwa moja tu duniani, ya paspoti. Zenon, mumewe, aliichukua akaipeleka Katandala, mjini Sumbawanga, kwa mzee Gaudensi. Mzee huyo kazi yake ni kuwakuza marehemu: unampa picha ndogo, anakurudishia ubao mkubwa wa rangi ya mafuta, familia inauweka mezani siku ya misa ya kumbukumbu. Kabla ubao haujaanza kuchorwa, Zenon akaenda Mpanda kutafuta dhahabu, na Mpanda ikamla. Mtoto akalelewa Chanji na shangazi, aliyemwona wifi yake Kresensia mara moja tu, siku ya harusi, bibi harusi ameinamisha kichwa kwa adabu mpaka kidevu kimegusa kifua. Ukimwuliza sura, shangazi anakueleza shela.

Ndiyo maana Edith, alipofika miaka ishirini na moja, alikwenda Katandala mwenyewe. Ukuta wa karakana ulijaa nyuso za watu ambao ndugu zao hawakurudi kuwachukua. Hakusubiri kukaribishwa. Safu ya juu kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani na macho makubwa yaliyotulia, kama anayesikiliza mtoto akilia chumba cha pili. Edith akanyoosha kidole, machozi yakamtangulia.

"Shikamoo babu. Mimi ni mtoto wa Zenon, yule aliyekuletea picha ya mkewe Kresensia. Ni huyu, siyo?"

Mzee Gaudensi alimtazama yeye, kisha akautazama ubao. "Marahaba," alisema. "Ndiye huyo, mjukuu wangu."

Edith akaomba apewe. Mzee akakataa kwa upole. Ubao ni wa zamani, alisema, rangi imepasuka, hautafika hata stendi. Kama kweli anampenda mama yake, akae ajifunze kumchora kwa mkono wake mwenyewe. Ni nani angekataa maneno kama hayo? Kesho yake alifika asubuhi na mapema, na aproni kaja nayo.

Gaudensi alifundisha jinsi alivyofundishwa. Unapiga miraba ya wino juu ya karatasi angavu ya nailoni, unaitandaza juu ya picha ya mwalimu, unapiga miraba ileile kwenye ubao wako, kisha unauhamisha uso mraba kwa mraba. Hakuna kumchora mtu aliye hai. Hakuna kuchora cha kichwani mwako. Ukikosea pua, unafuta uso mzima, unaanza upya.

"Mkono hauna akili," mzee alizoea kusema. "Unajua kile unachokirudia."

Basi akarudia. Mwaka wa kwanza alichora macho, mwaka wa pili uso mzima. Asubuhi za Juni, baridi ya Sumbawanga ikiifanya rangi kuwa nzito kama uji wa ulezi uliolala, alivaa sweta mbili na kuchora vidole vikiwa vimekufa ganzi. Alimpa yule mwanamke habari zake zote: nani kamposa, nani kamkosea, shangazi kasema nini. Wateja waliokuja kuchukua marehemu wao walimwambia kwamba yeye na yule wa safu ya juu wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Akijitazama kwenye kioo, alikiona kidevu kilekile. Mtu anayetaka kufanana hufanana.

Wakati huo mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka. Edith akawa anamsaidia, kwanza kola na vifungo vya marehemu wa watu, baadaye midomo, mwisho macho yenyewe. Chini kabisa ubao ulibeba jina la Gaudensi. Hakulalamika. Angelalamikaje, na huyu ndiye aliyemrudishia mama?

Alikuwa na hamu moja tu, kumwonyesha bibi yake mzaa mama, aliyekuwa hai kule Chala, na ambaye hakuona haja ya kumwuliza sura aliyodhani ameshaiona. Mzee hakutaka kulisikia hilo. Karakana yake ina desturi: ubao hufunikwa kitambaa cheupe, haufunuliwi ila baada ya misa, mbele ya ukoo wote. "Ukimwonyesha nusu, unamfufua nusu." Na Edith, mtiifu kupita kiasi, hakupiga picha hata ya simu. Hapa ndipo ninapotamani kumzaba mtu kibao, ila sijui nianze na nani.

Julai ya mwaka wa tatu, mavuno yalipokwisha, ukoo wa Kresensia ukaweka misa. Edith alipanda basi la Chala na ubao wa arobaini na moja, bora kuliko yote, umefungwa kwa kanga mbili ndani ya kitambaa cheupe. Alisimama nao njia nzima asije mtu akauegemea.

Baada ya misa watu walikusanyika uani kwa bibi. Meza iliwekwa, mshumaa ukawashwa, akina mama wakaanza wimbo. Edith akavuta kitambaa.

Wimbo ulipungua, sauti moja ikiacha na nyingine ikifuata, mpaka ikabaki ya mama mmoja asiyeona vizuri, naye akashtuka akanyamaza. Bibi aliusogelea ubao, akaugusa shavuni kwa kidole.

"Mzuri kwelikweli," alisema. "Ni nani?"

Edith alicheka kidogo, akadhani ni uzee. "Bibi, si mwanao? Ni mama."

Bibi akageuka kumtafuta binti yake Cornelia, mdogo wake Kresensia. Cornelia alimshika Edith mkono kwanza, ndipo akasema. "Mwanangu, huyu si dada. Dada alikuwa na uso mwembamba na macho madogo, na mwanya hapa mbele. Hata akikasirika, ulidhani anacheka. Huyu simjui."

Wazee walijitahidi kusitiri. Mjomba mmoja alisema kazi ni safi sana, mjini kuna vipaji. Mwingine alisema labda rangi ndiyo hubadilisha. Walimpa chakula, wakamjazia nyama, na kila aliyempita alimpapasa bega kama aliyefiwa upya. Mshumaa uliendelea kuwaka mbele ya mgeni yule, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuzima.

Kesho yake mchana alikuwa Katandala. Hakuamkia.

"Paspoti ya mama yangu iko wapi?"

Gaudensi aliweka brashi chini. Sifa yake moja ni kwamba hakujifanya haelewi. "Iliharibika mvua za mwaka uleule baba yako alioileta. Bati lilivuja, picha zikagandana. Nilipozibandua, sura hazikubaki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinyoosha kidole mwenyewe, ukawa unalia. Nilikuhurumia, mjukuu wangu. Haki ya Mungu, siku ile nilikuhurumia."

"Na siku ya pili?"

Mzee aliushusha chini ya meza ule mkono wake unaotetemeka. "Siku ya pili nilikuwa nimeshauona mkono wako."

Kifo kilimnyang'anya mama, lakini kifo hakikumwita mjukuu, wala hakikumkalisha miaka mitatu kikimtazama akizungumza na ubao. Edith akaunyoshea kidole ule ubao wa safu ya juu.

"Huyu ni nani, basi?"

"Sijui. Ni ubao wa kujifunzia. Nilipokuwa kijana, mwalimu wangu katekista Adolfu alinipa niunakili. Na mimi nilimwuliza ni nani. Akaniambia, piga miraba."

"Nilimweleza mambo yangu yote," Edith alisema. "Ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Akaivua aproni, akaiacha sakafuni, akatoka. Mzee alimwita kwa jina mara mbili. Ubao wa mwenyekiti fulani wa Nkasi ulibaki juu ya kiti cha kuchorea bila macho, na mpaka leo, nasikia, hauna macho.

Edith hakurudi Chanji. Alirudi Chala, kwa Cornelia, na karatasi na penseli. "Nielezee," alimwambia. "Polepole. Nitachora."

Cornelia alikaa mbele yake kwenye kigoda, akafumba macho ili amwone dada yake vizuri. Alieleza paji la uso, akaeleza nyusi, akaeleza mwanya. Edith alichora kama anavyoambiwa, bila miraba, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Cornelia alifumbua macho, akaitazama karatasi.

"Ni yule tena," alisema.

Wakaanza upya. Uso mwembamba, mama mdogo? Mwembamba. Macho madogo? Madogo sana. Penseli ilianza vizuri, ikafika kwenye kope, ikapinda ilikozoea. Karatasi ya tatu, ya sita, ya tisa. Kila moja ilimtoa mwanamke yuleyule aliyetulia, mara hii akiwa na mwanya usiokuwa wake.

Edith akafumba macho, akamtafuta mama yake ndani. Zamani, kabla ya Katandala, hakukuwa na mtu humo. Sasa alikuwamo mwenye kitambaa cha bluu, amekaa tayari, anamsikiliza.

Akaiweka penseli chini.

"Mama mdogo," alisema, "nisaidie kwanza kumtoa huyu."