Suruali Iliyobaki Kisimani

Kasikeu yote, ukitaka kisima ulikuwa unamtafuta Musembi. Ukitaka kucheka pia, ni huyo huyo. Saa ya chakula, wachimbaji wakishakaa kivulini na sahani zao za muthokoi, yeye ndiye alikuwa anawachekesha kwa visa vya watu walioshtuka kazini. Alikuwa na kisa cha fundi mmoja wa Sultan Hamud aliyemkimbia popo akaacha viatu. Lakini kisa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Kitheka, mwenzake wa siku zote, aliyeangukiwa na chura shingoni wakiwa ndani ya kisima kule Malili.

"Alipiga yowe," Musembi angesema, akiinuka ili aigize vizuri, "mpaka punda wa jirani akakata kamba!"

Kisha angepiga yowe lenyewe, jembamba, kama la msichana aliyemwagikiwa na maji baridi. Watu wangecheka hadi wapaliwe. Kitheka, mtu mrefu asiye na maneno mengi, angetabasamu kidogo na kuendelea kula.

Mwaka huu walikuwa wakichimba kwa Mama Kathini, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa. Kisima kilikuwa kimekwenda chini mno. Ukiwa kule ndani na kuinua macho, mbingu ilionekana ndogo kama kifuniko cha sufuria. Musembi alikuwa akivunja mwamba kwa mtalimbo na nyundo, Kitheka akijaza mawe kwenye ndoo, na juu kulikuwa na Nzuki kwenye winchi. Kamba ikitikiswa mara mbili, Nzuki alijua ndoo imejaa. Ikitikiswa bila kukoma, alijua ni hatari, avute upesi.

Asubuhi hiyo Nzuki alikuwa ameokota gamba la nyoka kando ya rundo la mawe yaliyotolewa, mdomoni mwa kisima. Mama Kathini alitaka wasishuke kabla hajaomba.

"Omba tu, mama," Musembi alisema. "Lakini umwombee huyo nyoka. Akinikuta kule chini, yeye ndiye atalia apandishwe."

Akina mama waliokuwa wameleta chakula wakacheka. Akashuka akiwa amefurahi, na kwa furaha ile akasahau kumwachia Nzuki simu yake kama alivyozoea. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nyuma wa suruali yake pana, ile aliyokuwa akiifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Jambo lingine hakulijua kabisa. Jana yake, binti yake Kanini alikuwa ameitega simu hiyo imkumbushe kumeza dawa ya presha, akaondoa mlio ili isije ikamwaibisha kanisani, ikabaki kutetemeka tu. Kanini alimweleza yote hayo, naye akaitikia "sawa, sawa" huku masikio yake yako kwenye taarifa ya habari.

Walikuwa wamepiga kazi hadi jasho limewalowesha. Musembi alikuwa amechutama, mtalimbo mkononi, wakati kitu kilipotikisika kwenye tako lake. Kikatulia. Kikatikisika tena, kikinguruma kwa chini.

Akili yake haikufika kwenye simu. Ilikwenda moja kwa moja kwenye lile gamba.

"Mwaitu!" alilia. Mtu mzima, mwenye ndevu za mvi, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa, alimwita mama yake kwa Kikamba, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kuliko ile aliyokuwa akimwigizia Kitheka. "Mwaitu! Nzoka! Nyoka amenipanda!"

Akaikata kamba ya katani kwa kuivuta tu, akaisukuma suruali chini, akaikanyaga, akachomoka ndani yake, na buti moja la mpira likabaki humo humo. Alimwaga ndoo iliyokuwa imejaa nusu, akatia mguu ndani na kuitikisa kamba bila kukoma. Kule juu winchi ikaanza kulia.

Kitheka naye alikuwa amesikia neno nyoka. Alinyoosha mkono ashike kamba. Nafasi ya wawili haikuwepo, kweli, na winchi ile haikuwa ya kubeba wawili. Lakini Musembi hakufikiria winchi. Aliinua ule mguu wenye buti, akamsukuma mwenzake kifuani. Kitheka akagonga ukuta wa mwamba. Ndoo ikapanda ikiyumba, ikipiga kuta huku na huku, na mawe yakimeguka kurudi chini.

Alipotokeza juani, wa kwanza kumwona alikuwa Mama Kathini, aliyekuwa ameinama kuchungulia. Alimwona Musembi mwenye buti moja na nguo ya ndani iliyotoboka mahali pasipofaa kutoboka. Mama wa watu akageuza uso, akaifungua leso yake na kumrushia bila kutazama.

"Ngai! Nyoka yuko wapi?" Nzuki aliuliza, akihema.

"Chini! Kwenye suruali! Mkubwa, anaunguruma!"

"Nyoka anaunguruma?" akauliza mama mmoja.

Kabla hajajibu, wakasikia vishindo vikitoka shimoni. Kitheka alikuwa akipiga kitu kwa mtalimbo, kwa nguvu zake zote. Kisha kimya. Kisha sauti yake ikapanda, taratibu.

"Nimeua!"

"Umeua nyoka?" Nzuki aliita.

Mtalimbo ulisikika ukiangushwa mwambani.

"Nimeua simu."

Hapo kicheko kikalipuka. Mama mmoja aliketi chini kabisa, akishika mbavu. Nzuki aliegemea winchi akilia machozi. Na Musembi, akiwa amejifunga leso ya maua kiunoni, alicheka pia. Alicheka kuliko wote, maana aliona akinyamaza atakufa kwa aibu. Akaanza hata kusimulia jinsi kilivyotikisika.

Ndipo Mama Kathini akasema, "Na Kitheka? Mmemwacha huko?"

Kicheko kikakatika. Nzuki akaishusha ndoo haraka. Kitheka alipopanda alikuwa amebeba suruali, buti, na simu iliyopondeka kama biskuti. Akampa Musembi vitu vyake, akaenda kunawa mikono. Alikuwa akiutumia mkono mmoja tu.

Kufikia jioni kisa kilikuwa kimefika sokoni. Hata Malili kilifika. Watoto walipomwona Musembi walipiga kelele "Mwaitu!" na kukimbia. Hayo angeyavumilia, yeye mwenyewe alikuwa amewafanyia watu miaka mingi. Kilichomnyima usingizi ni kwamba kila aliyekisimulia kisa alitaja suruali, buti, leso na simu. Hakuna aliyetaja teke. Aliyelijua teke hilo mbali na yeye ni mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amenyamaza.

Hakwenda kazini kesho yake. Alimwambia mkewe, Katunge, kwamba presha imepanda.

"Presha haijapanda," Katunge alisema, akipepeta maharagwe. "Unaogopa kuchekwa."

"Wacheke. Si hilo."

"Basi kama ni lingine, nenda ulimalize. Hapa unanizibia mlango."

Akaenda. Alimkuta Kitheka uani, ameketi kwenye kigoda bila shati, mkewe Mwongeli akimkanda bega kwa maji ya chumvi. Bega lilikuwa limevimba, jeusi kama bilinganya.

"Karibu, Baba Kanini," Mwongeli alisema, akijizuia kucheka. "Pole kwa simu. Na huyu naye, nyinyi mnafanya kazi gani? Ameniambia aliteleza akaangukia jiwe."

Musembi alimtazama Kitheka. Kitheka alitazama beseni. Mlango wa kuponea ulikuwa wazi: angeweza kusema pole, akanywa chai, akaenda zake.

"Hakuteleza," alisema. "Aligonga mwamba kwa sababu yangu. Alitaka kushika kamba, nikampiga teke. Nilimwacha na kitu nilichodhani ni nyoka. Halafu nikasimama juu nikacheka."

Mkono wa Mwongeli ulisimama begani. Hakucheka tena. Alikamua kitambaa, akakiweka ukingoni mwa beseni, akaingia jikoni. Hakuleta chai.

"Teke nilikusamehe," Kitheka alisema baadaye. "Mtu akishtuka si mtu. Lakini kile kicheko nilikisikia. Nilikuwa nimesimama gizani, damu inashuka mkononi, nikasikia sauti yako ikicheka. Nikajua hujaniulizia."

Musembi akainamisha kichwa.

"Nisamehe," alisema.

"Nimesikia," Kitheka akasema. "Bega likipona nitarudi kazini. Lakini nawe sishuki tena. Nitakaa kwenye winchi."

Ikawa hivyo. Siku Kitheka aliporudi, Musembi alishuka na Nzuki, ambaye sasa alikuwa mjazaji wa ndoo. Alimpa Kitheka simu yake mpya bila kukumbushwa, na Kitheka akaitia mfukoni. Saa ya chakula watu walimwomba Musembi awasimulie kisa cha nyoka. Alikisimulia chote, pamoja na teke. Walicheka walipofika kwenye leso, wakanyamaza walipofika kwenye teke, na baada ya hapo hakuna aliyemwomba tena.

Maji walikuja kuyapata mwezi uliofuata, machafu kwanza, kisha safi. Akina mama waliimba. Musembi alitikisa kamba akiwa amesimama kwenye tope hadi magotini, akamtanguliza Nzuki, akabaki peke yake akingoja ndoo irudi. Ilichelewa kidogo. Alitazama juu, akamwona Kitheka ameinama mdomoni mwa kisima, akimtazama, mkono wake uko kwenye winchi.

"Uko sawa huko?" Kitheka aliita.

"Niko," Musembi akajibu, na ndoo ikaanza kushuka.